Kosa la Kiwanda na Kosa la Jiliwa

JUMANNE ya juma lililopita alifika ofisini kwetu mzee mmoja, mstaafu wa reli, akiomba kuonana na "yule anayeandika habari za sarafu". Baada ya shikamoo na marahaba aliketi, akatoa mfukoni leso iliyopigwa fundo, akalifungua taratibu juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya shilingi moja ya mwaka 1966, ile yenye sura ya Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Lakini upande wa mwenge ulikuwa na ajabu yake. Juu ya mwenge ilionekana sura ya Mwalimu kwa mara ya pili, safari hii ikiwa imezama ndani ya madini na kuelekea upande mwingine, kama mtu anayejitazama katika kioo.

"Mwanangu," aliniambia, "hii nimeachiwa niitazame mpaka Ijumaa. Mwenyewe anataka laki nane. Anasema ilikosewa huko kiwandani, na kwamba wako Wazungu watakaoinunua kwa milioni thelathini. Nimekuja unithibitishie tu, kisha nikamlipe."

Nilimwuliza hizo laki nane anazipata wapi. Alijibu kwamba ni fedha alizozidunduliza kwa muda wa miaka miwili ili anunue mabati, maana nyumba yake inavuja, na wajukuu hulala wakihamahama chumba hadi chumba kila mvua inaponyesha. Lakini kama shilingi moja yaweza kuzaa milioni thelathini, kwa nini asingoje kidogo akajenga nyumba nyingine kabisa?

Sikumjibu papo hapo. Nilimwagizia chai, nikatoa lenzi, mizani ndogo ya sonara na shilingi nyingine ya 1966 kutoka katika hazina yangu mwenyewe. Ndugu msomaji, kabla sijakueleza tuliyoyaona, hatuna budi kwanza kufahamu jinsi sarafu inavyotengenezwa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Asiyejua kitu kilivyoundwa hawezi kujua kilikosewa wapi.

SARAFU HUZALIWAJE

Sarafu huanza maisha yake ikiwa utepe mrefu wa madini uliosawazishwa mpaka ukafikia unene unaotakiwa. Utepe huo hupitishwa chini ya mashine yenye visu vya duara, nayo hukata visahani vingi kwa pigo moja, mfano wa mama akatavyo maandazi ya unga uliosukumwa. Visahani hivyo hupashwa moto ili madini yalainike, huoshwa, kisha hupitishwa katika mashine nyingine inayobana kando zake ili kuinua ukingo.

Baada ya hapo ndipo kisahani kinapopelekwa kupigwa chapa. Hapo kuna mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mwingine chini, na katikati yake ipo pete ya chuma inayokizunguka kisahani. Mihuri hukutana kwa nguvu za tani nyingi. Madini hutiririka na kuingia katika kila mchoro, na pete huyazuia yasitanuke kupita kiasi. Kama ndani ya pete mna vijino, vijino hivyo ndivyo vinavyoacha mistari tunayoipapasa pembeni mwa sarafu. Kazi hii yote haichukui hata sekunde moja, na mashine hurudia tendo hilo maelfu ya mara kwa siku.

Mahali penye kazi ya haraka namna hiyo makosa hayakosekani. Kiwanda huwa na wakaguzi wa kuyaondoa, lakini machache huponyoka yakaingia katika mifuko pamoja na wenzao wazima. Hayo machache ndiyo yatafutwayo na wakusanyaji.

MAKOSA YA AINA TATU

Wakusanyaji huyagawa makosa hayo katika mafungu matatu: kosa la kisahani, kosa la muhuri, na kosa la pigo.

Kosa la kisahani ni lile lililotokea kabla ya chapa. Mfano wake ni sarafu iliyong'atwa, yaani yenye pengo la mviringo pembeni. Hutokea pale utepe usiposogea vya kutosha, kisu kikakata tena mahali palipokwisha kukatwa. Alama ya kuitambua ni hii: utazame ukingo ulio mkabala na pengo. Katika sarafu ya kweli ukingo huo mara nyingi huwa hafifu, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo hubana pande mbili kwa wakati mmoja, na penye pengo upande wa pili hukosa wa kubanana naye. Mlaghai anayekata shilingi kwa mkasi wa bati halijui jambo hilo. Pengo lake huwa kali, na ukingo wa mkabala huwa mzima kama siku ulipozaliwa.

Katika fungu hilohilo zimo sarafu za tundu zilizokosa tundu. Wazee wetu watazikumbuka senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, ambazo watu walizitunga katika uzi kama shanga. Tundu lile lilitobolewa katika kisahani kabla ya chapa, na kisahani kilichoikwepa mashine ya kutoboa kilipigwa chapa kikiwa kizima. Lakini ukiletewa senti ya namna hiyo, chunguza katikati yake kwa lenzi. Ukiona mstari mwembamba wa duara, ujue tundu lilikuwepo na mtu ameliziba.

Kosa la muhuri ni lile lililomo katika muhuri wenyewe, kwa hiyo hujirudia katika kila sarafu iliyopigwa nao. Muhuri ukipasuka, ufa wake huonekana katika sarafu kama mstari ulioinuka juu, wala si uliozama. Hili ni jambo la kukariri: mkwaruzo wa mtaani huzama, ufa wa muhuri huinuka. Hakuna msumari unaoweza kuongeza madini juu ya sarafu.

Kosa la pigo hutokea wakati wa kupiga chapa. Kisahani kikikaa kombo, nusu ya picha huangukia nje na nusu ya sarafu hubaki tupu. Pete isipokuwepo, sarafu hutanuka na pembeni huwa laini. Na sarafu iliyokwisha kupigwa ikinata katika muhuri mmoja badala ya kudondoka, basi kisahani kinachofuata hupigwa na muhuri upande mmoja, na sarafu ile iliyonata upande wa pili. Matokeo yake ni sura ileile mara mbili: upande mmoja imeinuka kama kawaida, na upande mwingine imezama na kugeuka kama katika kioo. Hivyo ndivyo ilivyodaiwa kuwa sarafu ya mgeni wangu.

MIFANO ILIYOTHIBITISHWA

Makosa ya thamani kubwa yapo kweli, na ndiyo yanayompa mlaghai maneno ya kusema. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilitengeneza senti zake kwa chuma kilichopakwa zinki, maana shaba ilihitajika vitani. Visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilisalia katika mitambo, vikapigwa chapa ya 1943. Mwaka 1947 kijana wa miaka 16 aliipata moja katika chenji ya chakula shuleni kwake, katika jimbo la Massachusetts. Wakati huo ulivuma uvumi kwamba tajiri Henry Ford angetoa gari jipya kwa atakayeleta senti kama hiyo. Uvumi huo ulikuwa wa uongo, nayo serikali ilikuwa ikiwajibu watu kwamba senti zote za 1943 ni za chuma. Kijana aliihifadhi tu. Mwaka 2019, baada ya kifo chake, iliuzwa mnadani kwa dola 204,000.

Mara tu habari za senti hizo zilipoenea, watu walianza kuzipaka shaba senti za chuma za mwaka huohuo. Dawa yake ni rahisi: sumaku. Shaba haivutwi na sumaku, chuma kilichopakwa shaba huvutwa. Wengine waliichukua senti ya shaba ya 1948 wakaikata tarakimu 8 ifanane na 3. Hapo sumaku haisaidii, bali lenzi.

Mwaka 1955, katika kiwanda cha Philadelphia, muhuri mmoja wa senti ulitengenezwa kwa kukandamizwa mara mbili bila kulingana sawasawa, ukatoa mwaka na maandishi yanayoonekana mawilimawili hata kwa jicho tupu. Zaidi ya senti 20,000 za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nyingine, wakuu wa kiwanda wakaona heri kuziachia kuliko kuyeyusha lundo zima.

Nako Uingereza, mwaka 2008, mchoro wa sarafu ya peni 20 ulibadilishwa na mwaka ukahamishiwa upande wa sura ya Malkia. Kwa bahati mbaya muhuri mpya uliunganishwa na muhuri wa zamani wa Malkia usiokuwa na mwaka. Zikatoka sarafu zisizo na mwaka upande wowote, jambo ambalo halikuwa limetokea nchini humo kwa zaidi ya miaka 300. Magazeti yalipoandika, watu walianza kudai maelfu ya pauni. Sokoni bei ikatulia katika makumi ya pauni tu, kwa kuwa sarafu hizo hazikuwa chache kama ilivyodhaniwa.

Ndoa ya namna hiyo, ya mihuri miwili isiyokuwa mume na mke, iliwahi kutugusa hata sisi. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane alitawala kwa chini ya mwaka mmoja kabla ya kujiuzulu, lakini sarafu zenye jina lake zilikwisha kupigwa kwa ajili ya makoloni. Katika kiwanda cha Birmingham, upande mmoja wa senti 10 ya Afrika Mashariki uliunganishwa na upande wa peni moja ya Afrika Magharibi ya Kiingereza. Zote mbili zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo jicho la fundi halikushtuka.

HELA YA TABORA

Hapa nataka kutoa tahadhari kuhusu sarafu za wakati wa Mjerumani, maana habari zake mitaani ni nyingi na fedha zinazotapeliwa kwa jina lake ni nyingi zaidi. Si kila tofauti ni kosa.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na sarafu zikawa haziji tena kutoka Ujerumani. Mwaka 1916 Wajerumani walianza kujipigia sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000 hivi, na za shaba za heller 5 na heller 20. Kazi hiyo ilikoma mwaka huohuo, kwani mwezi Septemba mji wa Tabora ulitekwa na majeshi ya Wabelgiji. Neno letu "hela", tunalolitaja kila siku sokoni, latokana na hiyo heller.

Sarafu za heller 20 zilipigwa kwa haraka na kwa zana za karakana, si za kiwanda cha sarafu. Zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Zipo ambazo herufi L katika neno HELLER zina ncha zilizopinda, na nyingine ncha zake zimechongoka. Nyingi zimekaa kombo au zimefifia upande mmoja. Tofauti za taji na herufi zatokana na mihuri mbalimbali iliyotumika, wala si makosa. Na kwa kuwa sarafu hizo zilipigwa kwa wingi sana, heller 20 iliyochakaa si mali ya kumjengea mtu nyumba. Anayekuambia kwamba ndani yake mna madini ya siri yanayotafutwa Ulaya anatafuta fedha yako wewe.

TULIYOYAONA KATIKA LENZI

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kwanza tuliipima shilingi yake pamoja na yangu, uzito ukawa mmoja. Alitabasamu. Nilimwomba asifurahi bado, maana uzito sawa waonyesha tu kwamba shilingi ni ya kweli, hauonyeshi kwamba kosa lake ni la kweli.

Kisha tuliutazama upande wa mwenge. Nilimweleza kwamba kama sarafu nyingine ingekuwa imenata katika muhuri wa mwenge, basi ingeufunika muhuri huo, nao usingeweza kukigusa kisahani kilichofuata. Kwa hiyo pale palipozama sura ya Mwalimu pasingekuwa na mwenge hata kidogo. Lakini katika shilingi ile mwenge ulikuwapo, umelala chini ya sura, umebondeka. Maana yake mwenge ulipigwa kwanza, kwa njia ya halali, na sura ikaja baadaye.

Hatimaye tuliigeuza. Upande wa Mwalimu, shavu lilikuwa limesawazika na kung'aa, kama lililokandamizwa na kitu bapa. Karibu na ukingo palikuwa na mistari midogo iliyokatana, safu kwa safu, imezama katika madini. Nilitaka kumwambia ni nini, lakini mzee aliishika lenzi mwenyewe, akaisogeza karibu na jicho, akanyamaza kwa muda mrefu.

"Haya ni meno ya jiliwa," alisema. "Nimefanya kazi karakana miaka ishirini na saba. Ameweka shilingi mbili zikitazamana, akaikaza jiliwa, akasahau kuweka ngozi upande huu."

Hakuhitaji tena maelezo yangu. Aliifunga sarafu katika leso, safari hii bila uangalifu mkubwa, akamalizia chai yake. Alipokuwa akiondoka aliniuliza kama inafaa kumpeleka yule kijana polisi. Nilimjibu kwamba kuharibu sarafu ya nchi ni kosa kwa mujibu wa sheria, na kumdanganya mtu ili utwae fedha yake ni kosa jingine, hivyo shauri ni lake. Ijumaa alipita tena kunifahamisha kwamba amemrudishia mwenyewe shilingi yake mbele ya balozi wa nyumba kumi, na kwamba majirani wawili waliokuwa wameonyeshwa sarafu nyingine za kijana huyo nao wamezirudisha. Mmoja alikuwa amekwisha kulipa nusu, na hajarudishiwa chochote mpaka leo.

MASHAURI KWA FAMILIA

Kisa hiki kisiwakatishe tamaa wale wanaopenda kukusanya. Kwa hakika ni kazi njema ya kufanya Jumapili pamoja na watoto, na mtaji wake ni chenji iliyomo katika kibakuli cha kabatini. Mwage sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500 juu ya meza yenye mwanga. Waache watoto wazipange kwa miaka, wazilinganishe moja na nyingine, watafute ufa wa muhuri au chapa iliyokaa kombo. Huenda wasipate kosa lolote, lakini watakuwa wameyatazama maandishi ya sarafu za nchi yao kwa mara ya kwanza.

Mkiona jambo la ajabu, jiulizeni maswali manne. Je, fundi wa kiwanda angeweza kulifanya kosa hili, na katika hatua ipi? Je, alama imeinuka au imezama? Je, ukingo na uzito vinalingana na vya sarafu nyingine ya mwaka uleule? Na je, nikiwa na nyundo, tupa, moto au tindikali, ningeweza kulitengeneza jambo hili nyumbani? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, sarafu hiyo itumieni kununulia kibiriti, kama duka litaipokea.

Msiisugue sarafu kwa majivu, mchanga wala ndimu ili ing'ae. Mkusanyaji huiona sarafu iliyosuguliwa kama sonara aonavyo pete iliyokatwa. Iwekeni katika bahasha ya karatasi kavu, mkaandika juu yake imepatikana wapi na lini.

Na juu ya yote, msinunue kosa kwa fedha yenye kazi nyingine. Sarafu yenye kosa haina bei iliyopangwa na benki. Bei yake ni ile wanayokubaliana wakusanyaji wawili wanaoijua, na mtaani petu wakusanyaji hao ni wachache. Anayeuza kwa laki nane kitu anachodai kina thamani ya milioni thelathini hana budi kueleza kwa nini asiende yeye mwenyewe kuzipokea hizo milioni. Mzee wetu alikiri kwamba swali hilo lilimjia tangu siku ya kwanza, akalifukuza kwa sababu alikwisha kuiona ile nyumba mpya kichwani.

Mabati ameyanunua. Jumamosi nilipopita kwake mafundi walikuwa juu ya paa, naye alikuwa chini akiwahesabia misumari.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia pesa ya shaba ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, nasi tutaona jinsi jina lake lilivyodumu vinywani mwetu kuliko sarafu yenyewe.